Oili imekuwa maziwa? Weka boksi chini kwanza

Wiki iliyopita nilirudi gereji kutoka kutafuta plagi, nikamkuta dogo wetu mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua) kainamia injini, boksi (spana ya soketi) namba 10 mkononi, na nati mbili za kava ya vali zimeshatoka. Nikamuuliza kulikoni. Akaninyanyulia mfuniko wa oili. Kwa ndani umejaa povu la njano, zito, kama losheni iliyoganda.

"Gasketi ya hedi imekwenda, fundi. Mwenye gari nimeshamwambia. Na gasketi nimeshaiagiza." Yaani ile karatasi ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini).

Nikavuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Oili nyeusi ya kawaida, kiwango palepale. Nikachungulia tanki la akiba, kulanti (maji ya kupoza injini) iko kwenye mstari. Mwenye gari alikuwa bado amesimama pale, uso umemshuka kama mtu aliyepewa habari za msiba, nikamuuliza gari analitumiaje. Akasema ni la kumpeleka mtoto shule. Dakika tano kwenda, dakika tano kurudi, kisha linalala mpaka kesho.

Nikatafuta tairi kuukuu nikakaa. Nilitaka kumfokea dogo, maneno yakanikwama, maana boksi lile niliwahi kulishika mimi, tena mimi sikukutwa na mtu kwenye nati ya pili. Nilifika chini kabisa.

Basi naandika haya kwa ajili yenu mliokabidhiwa magari ya zamani, yale yasiyo na kompyuta ya kuwaonea huruma. Nimeweka namba ili muone kwamba nilijaribu kupanga.

1. Maziwa yanakwambia kuna maji. Hayakwambii yamepitia wapi.

Hapa ndipo wengi mnapokwama. Mkiona rangi ya chai ya maziwa mnatamka "gasketi" kama mtu anayeitikia salamu. Oili na maji vikikorogwa na krenki (mhimili mkuu wa injini) hutoa uji uleule, maji yawe yameingia kwa gasketi, kwa hedi iliyopasuka, kwa oili kula (kifaa cha kupoza oili), kwa raba za chini ya slivu (bomba la silinda), kwa kava ya mbele yenye njia ya maji, kwa gasketi ya manifoldi kwenye baadhi ya injini za V, au kwa kijana aliyeosha injini kwa mashine ya presha huku mfuniko umelegea. Huyo wa mwisho nimemwona mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Na maji mengine hayakuingia kabisa, yamezaliwa humo humo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Mwingi hutoka kwa ekzosi, ila kiasi hupita kwenye ringi za pistoni kushuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), na kwa gari la zamani lenye ringi zilizochoka, hicho kiasi si haba. Injini ikipata moto wa kutosha mvuke hupanda, hupita kwenye vali ya PCV (ya kupumulia injini), unavutwa na kuunguzwa. Isipopata moto, mvuke hugonga bati baridi la kava na mfuniko, hugeuka matone, na matone yakikutana na oili unapata ile losheni. Oili huchelewa kupata joto kuliko kulanti. Mshale wa joto ukishafika katikati, oili bado iko nyuma, inahitaji robo saa au zaidi ya mwendo wa kweli. Dakika tano za shule haziifikishi popote.

Kwa hiyo povu juu tu, dipstiki safi, kiwango cha oili hakijapanda, kulanti haijapungua: futa mfuniko, kagua PCV na mpira wake wa kupumulia, kagua thamostati (vali inayozuia kulanti isizunguke mpaka injini ipate moto), mwambie mwenye gari alipeleke safari ndefu. Kisha tazama tena. Spana zibaki sandukuni.

2. Uliza, halafu nyamaza usikilize.

Gari liliwahi kuchemsha? Lilipita kwenye maji ya kina? Liliegeshwa miezi? Nani aliligusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Huongezwa maji au kulanti, na mara ngapi? Hilo la mwisho mwulize dereva, maana tajiri wa gari atakujibu analoamini.

Gari ambalo miaka yote limekunywa maji matupu litazame kwa jicho la shaka kila mahali. Kutu na ulikaji wa alumini hauchagui gasketi peke yake.

3. Nati ya sampu ina siri, mpe usiku mmoja aitoe.

Kipimo hiki hakihitaji kifaa. Gari lilale usiku kucha mahali pa tambarare, injini isiwashwe. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa swichi, ingia chini na kopo safi jeupe. Legeza nati ya sampu polepole sana, mpaka tone la kwanza lijitokeze, halafu ishikilie hapo hapo kwa vidole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajapigwa yakawa uji yamezama chini na ndiyo yatatangulia. Ukiona uzi mwembamba wa kijani au wa pinki unatiririka, kisha unakatika na oili nyeusi inafuata nyuma yake, umeshajua kwamba hiyo ni kulanti na si jasho la injini. Yakitoka maji yasiyo na rangi, rudi kwenye maswali ya namba 2: rejeta ina maji matupu, au maji yameingia kutoka nje, au ni jasho la injini. Usionje. Najua wazee waliokuwa wakionja kutafuta utamu. Glaikoli iliyomo kwenye kulanti ni sumu, na utamu wake ndio ubaya wake.

Kama yote yameshakuwa uji na hayatengani, pasha kipande cha bati mpaka tone la maji likiangukia linarukaruka, kisha dondoshea tone la oili. Oili kavu hutandaa kimya na kufuka. Yenye maji hupasuka tatata, hata kama jicho lako lilikuwa halijaona kitu. Vaa miwani. Na usifanyie karibu na petroli, tafadhali, tunawahitaji.

4. Oili kula, yaani aibu yangu.

Hii nitaieleza kirefu kwa sababu ninyi mnaijua kwa utani tu.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, umri ambao fundi anajua kila kitu. Likaletwa gari la dizeli la zamani, la mizigo midogo, la baba mmoja mtu mzima ambaye gari hilo ndilo lilikuwa shamba lake. Dipstiki ikitoka imepakwa maziwa. Nikafungua kifuniko cha rejeta: juu ya maji pameelea utando wa kahawia, mzito, unanata kwenye kidole. Nikatangaza palepale, mbele ya watu, kwa sauti: hedi.

Sasa tazameni nilivyoziona dalili na kuzipita kama mtu anayempita mdai wake njiani. Gari halikuwa limewahi kuchemsha, baba yule aliniambia mara mbili. Asubuhi liliwaka bila kumisi. Halikutoa moshi mweupe. Nilipolikanyagia mafuta rejeta ikiwa wazi, hakukuwa na mapovu. Kompresheni (mbano wa silinda) sikupima. Kwa nini nipime, na jibu ninalo?

Nikashusha hedi. Gasketi nikaishika juu ya mwanga, nikaona mahali pameungua kidogo, nikamwita baba yule nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi: "Unaona hapa, mzee?" Akaona. Hata mimi niliona. Sikilizeni, wadogo zangu: gasketi yoyote ya zamani mkiing'oa mtaiona ina kosa. Imekaa miaka kwenye moto, imebanduliwa kwa nguvu, lazima iwe na alama. Alama ya kweli ni njia, inayotoka tundu moja mpaka tundu jingine, na mara nyingi kwenye hedi au bloku kuna alama mwenzake inayotazamana nayo. Yangu haikuwa na mwenzake. Sikumtafuta.

Hedi ikapelekwa kusagwa. Ilikuwa imenyooka, lakini ikasagwa. Gasketi mpya, bolti mpya, oili mpya. Nikamkabidhi baba gari lake na kumpa mkono kwa fahari ya daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Siku ya nne akarudi. Maziwa.

Hapa ndipo ilipo dhambi yenyewe. Kukosea sehemu ni kazi, kila fundi amekosea sehemu. Mimi nilimtazama usoni nikamwambia: "Hayo ni mabaki, mzee. Yamejificha kwenye njia za oili. Endelea kutembea nalo, litajisafisha lenyewe." Sikusema kwa sababu nilijua. Nilisema kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Naye akaniamini, akaenda kupakia mizigo.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa aliletwa anavutwa kwa kamba. Alisema lilianza kugonga akiwa mlimani. Nilipofungua sampu na kutoa kofia ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya kwanza, beringi ilikuwa imevuliwa ule uso wake wa kijivu, shaba iko nje, inang'aa kama sarafu. Kwenye krenki ningeweza kuingiza kucha katika mikwaruzo. Oili yenye kulanti haina nguvu ya kubeba krenki, na glaikoli humla beringi taratibu. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Niliyasoma vizuri kabisa.

Mzee wa gereji, aliyenifundisha kazi, hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alichuchumaa kando yangu, akaitazama beringi, akauliza: "Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili ni ngapi?" Nikasema baa 3 au 4. "Ya maji?" Nikasema kama baa 1. "Ukizima?" Nikasema ya oili inashuka sifuri. "Na ya maji?" Nikanyamaza. Ya maji inabaki, kwa sababu rejeta imefungwa na injini bado ina moto.

Nikaona picha yote pale nilipochuchumaa, mikono imejaa uchafu. Kama kuna tundu mahali ambapo oili yenye presha na maji vinapita jirani, basi injini ikizunguka oili inasukumwa kuingia kwenye maji, ndiyo ule utando wa rejeta. Ikizimwa, mambo yanageuka: maji yenye presha yanarudi kwa tundu lile lile na kuingia kwenye oili. Pande zote mbili zimechafuka, na hakuna kuchemsha, hakuna moshi, hakuna mapovu, kwa sababu chumba cha moto hakihusiki kabisa. Kwenye injini ile, jirani hao wawili walikutana kwenye oili kula, nyuma ya jumba la filta, imezama ndani ya maji ya bloku. Jina lenyewe lilinitosha: kula, na ilikuwa inakula pande zote mbili.

Bolti kumi na kidogo. Ndizo zilizokuwa kati yangu na jibu, wakati mimi nimeshusha hedi nzima. Mzee akanifanya nizibe matundu ya oili kula kwa vibati na raba, nibakize moja la hewa, niizamishe kwenye beseni la maji na kutia upepo. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Majini, kwenye kona ya kiungo kimoja, mlitoka uzi wa mapovu madogo madogo, mfululizo, hata hayafanyi kelele. Niliyatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Krenki ilisagwa, beringi zikapanda saizi, na nusu ya mshahara wangu wa miezi mingi iliingia kwenye gari lile. Baba yule alikaa bila kazi wakati wote huo. Siku ya kulichukua aliuliza swali moja tu: kama safari hii pia ni mabaki. Hakuwa anakejeli. Alikuwa anataka kujua.

Niwe mkweli: utando wa oili kwenye rejeta unaweza pia kutoka kwenye gasketi, pale njia ya oili inapopanda kwenda kwenye hedi jirani na njia ya maji. Dalili zitafanana. Kwa hiyo sisemi kila mara ni oili kula. Nasema anza na ile ya bolti kumi.

5. Presha ya rejeta, sampu ikiwa wazi.

Kama injini yako haina oili kula ya maji, au umeipima ni nzima, shusha sampu. Jaza maji, funga pampu ya kupimia kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, na utie presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe. Magari mengi ya zamani huwa kati ya baa 0.9 na 1.1. Kisha lala chini na tochi. Na usiwe na haraka. Mshale unaweza kukaa palepale dakika kumi na tone likaja ya ishirini. Ukiweza, acha masaa.

Tone likitokea, lifuate lilikotoka. Likiteleza chini ya slivu, ni raba zake, au slivu yenyewe imetobolewa na maji. Likitoka mbele, tazama kava ya taimingi na pampu ya maji. Likishuka kutoka juu kwa njia za oili kurudi, sasa ndiyo unaruhusiwa kutamka hedi na gasketi. Lakini ufa wa hedi hutaka moto ndipo ufunguke, kwa hiyo kutoona tone injini ikiwa baridi hakujaisafisha hedi. Ikishashushwa, ipimwe kwa presha kwenye maji ya moto.

6. Ile dawa ya bluu.

Ni ya kupimia kama moshi wa injini umeingia kwenye kulanti. Ikigeuka njano kwenye mdomo wa rejeta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na hapo gasketi au hedi ina kesi. Ikibaki bluu, mnaruka: "gasketi nzima!" Hapana. Dawa hujibu habari za moshi peke yake. Gasketi inaweza kuvuja kati ya maji na oili bila kugusa silinda, na dawa itabaki bluu mpaka jioni.

7. Vidogo vidogo, haraka haraka.

Plagi moja iliyooshwa safi kati ya chafu tatu inakuonyesha silinda inayokunywa maji. Silinda mbili jirani zenye kompresheni ndogo: gasketi katikati yao. Kiwango cha dipstiki kinachopanda bila mtu kuongeza oili, usiliwashe tena gari. Bolti za kukazwa kwa digrii (pembe) hazitumiwi mara ya pili. Matundu ya bolti yaliyozibwa chini yakaushwe kabla ya kufunga, tone la oili au maji ndani yake linaweza kupasua bloku. Hedi pima kwa rula ya chuma na filagauji (vibati vya kupimia nafasi) kabla ya kuipeleka kusagwa. Vitabu vingi vya watengenezaji huruhusu kati ya 0.05 na 0.1 mm, lakini soma cha injini yako. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa maziwa ya pinki, huo ni ugomvi mwingine, nenda kwenye rejeta. Rejeta ya moto haifunguliwi, hata kama mteja ana haraka, hata kama wewe una haraka.

8. Kusafisha baada ya kutengeneza, maana mabaki ni kweli yapo.

Ndiyo, yapo, ndiyo maana uongo wangu ulikubalika. Lakini mabaki unayatoa wewe gereji, humpi mteja akayatoe barabarani kwa beringi zake. Oili ya kawaida na filta mpya, injini iungurume sailensa (bila kukanyaga mafuta) mpaka ipate moto, mwaga ikiwa ya moto, rudia. Mara mbili, mara nyingine tatu, mpaka dipstiki itoke bila ukungu. Kama oili iliingia upande wa maji, osha mfumo wote na ubadilishe mipira ya rejeta iliyovimba, kwa sababu oili huilainisha na itakupasukia mwezi ujao. Na dipstiki ikirudi na maziwa baada ya hapo, usitafute neno la kumtuliza mteja. Mwambie gari lisiwashwe, na ulifuate wewe.

Oili kula ile ninayo mpaka leo, imening'inia kwenye msumari juu ya benchi. Wanaoanza kazi huuliza ni ya nini, nami huwaambia ni saa ya ukutani.

Kuhusu gari la shule: thamostati ilikuwa imekwama wazi, injini haikuwahi kupata moto hata siku moja. Dogo ameifunga mpya mwenyewe, akasafisha PCV, akarudisha zile nati mbili za kava. Mwenye gari amelipeleka safari ndefu mwisho wa juma na kurudi na mfuniko mkavu. Ile gasketi ya hedi ilifika siku iliyofuata. Ipo kwenye rafu, ndani ya bahasha yake, na kila dogo akipita hapo anajifanya anatafuta spana upande wa pili.